Leseni ya Msusi na Dhamana ya Mkono Wake

 

Katika barua tulizozipokea imo moja iliyotoka Makoko, katika mji wa Musoma, kando ya Ziwa Nyanza. Mwandishi wake ni mzee mwenye mke na watoto, naye ametuomba tusimtaje jina. Atueleza kwamba binti yake mkubwa, alipomaliza kidato cha nne, alijifunza ususi kwa mwanamke mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na tangu mwaka jana anasuka katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Alianza kwa uzi na kitana. Baadaye akaongeza dawa za kulainisha nywele, kisha rangi, kisha mafuta ya uso anayoyachanganya mwenyewe. Fedha anazozipata zawasomesha wadogo zake wawili.

Juma moja kabla ya harusi ya binti wa jirani, biharusi alipelekwa chumbani humo akatengenezwe nywele. Dawa ikamchoma utosini na nyuma ya sikio. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, lakini biharusi aliingia nyumbani kwa mumewe na vidonda chini ya mtandio, na mpaka leo nyumba mbili hizo hazisalimiani. Haukupita muda akaja afisa wa halmashauri kuuliza leseni, na leseni haikuwapo. Yule mwanamke wa ng'ambo naye ameshauri kwamba leseni ikatwe kwa jina la binti, lakini mwenye saluni awe yeye.

Mzee wetu auliza mambo matatu. Kwanza, je, binti yake anadaiwa chochote na biharusi yule, ilhali alikaa kitini kwa ridhaa yake, na yaliyompata ni kadari? Pili, je, ususi, kazi ambayo mabibi zetu waliifanya barazani bila ya kuulizwa na mtu, wahitaji karatasi ya serikali? Tatu, je, chumba kifungwe?

Tutajibu kwa taratibu, maana barua hii si ya nyumba moja. Katika kila mtaa wenye Waislamu yuko binti anayesuka, na yuko mama anayempelekea kichwa chake.

Kabla ya yote tuiondoe dhana moja iliyojificha katika swali la pili, nayo ni kuuona ususi kuwa kazi duni isiyostahili kanuni. Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.), katika usiku wa Israa, alifikiwa na harufu nzuri, akamuuliza Jibrili ni harufu gani. Akaelezwa kuwa ni ya mwanamke aliyekuwa akimchana nywele binti wa Firauni, pamoja na watoto wake. Siku moja kitana kilimponyoka mkononi, akalitaja jina la Mungu. Binti akampelekea baba yake khabari, na Firauni akamtupa mama yule na watoto wake katika chombo cha shaba kilichopashwa moto. Huyo alikuwa msusi, na dini yetu imemhifadhia ukumbusho ambao wafalme wengi hawakuupata. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amezihesabu kazi kama ukulima, ufumaji, ushoni na kupiga chuku kuwa ni fardhi kifaya: mji ukikosa kabisa watu wa kuzifanya, dhambi ni ya wote. Kazi yenye cheo namna hii ina adabu zake, na adabu ya kwanza ni kuijua.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye maana ya kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kuwa na elimu yake, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanazuoni wameitumia hukumu hii kwa tabibu, kwa ngariba na kwa mpiga chuku, na kwa maoni yetu yamgusa pia anayempaka mwenziwe kichwani dawa yenye kuunguza. Hukumu hii ina pande mbili, na zote mbili ni za uadilifu. Fundi anayeijua kazi yake, akapewa idhini, akafuata utaratibu, kisha likatokea lisilozuilika, hadaiwi. Asiyeijua akaifanya, anadaiwa hata kama nia yake ilikuwa njema.

Ridhaa ya biharusi haimwondolei binti deni. Biharusi aliridhia kutengenezwa nywele, hakuridhia kuunguzwa. Tena aliridhia kwa kudhani kuwa aliyesimama nyuma yake anaijua dawa aliyoishika. Ama kadari, sisi sote twaiamini, lakini kadari si pazia la kufichia uzembe. Sayyidna Omar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alirejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi dawa kuchoma ni kadari, na kuyasoma maelezo yake kabla ya kuifungua ni kadari pia.

Kwa hivyo, ndugu yetu wa Makoko, jibu letu ni kwamba binti yako anadaiwa. Gharama za matibabu ni juu yake. Na wewe uliyempa chumba, ukala pamoja naye pato lake, usijitenge. Likibaki kovu, au nywele zisipoota tena, nendeni kwa masheikh wa Musoma wawapatanishe juu ya fidia kwa ushahidi wa tabibu, kwani gazeti haliwezi kulipima jeraha. Lakini usingojee kuitwa. Mchukue mzee mmoja wa mtaa, wewe na mama wa binti, mwende kwa jirani mseme waziwazi kuwa mmekosa. Toba katika haki ya mwanadamu haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe.

Swali la pili lataka kupambanuliwa. Mabibi zetu hawakuulizwa karatasi kwa sababu vyombo vyao vilikuwa kitana, uzi na mafuta. Msusi wa mkekani akikosea, mistari ilipinda, au kichwa kiliuma usiku mmoja. Vyombo vya leo ni vingine. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina ukali wa magadi: hulegeza unywele kwa kuuvunja kwa ndani, na nguvu hiyo hiyo huila ngozi dawa ikikaa kupita muda wake, au ikipakwa juu ya kichwa kilichokwaruzwa na kitana. Rangi nyeusi za nywele, ambazo watu huziita piko wanapowachorea maharusi mikononi na miguuni, zina kemikali iwezayo kuwatoa malengelenge wale ambao miili yao haipatani nayo. Wembe na mashine zisizosafishwa huhamisha mapunye kutoka kichwa cha mtoto mmoja hadi cha mwingine, na penye damu huweza kuhamisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Ubaya ulio mkubwa zaidi umo katika mkorogo, yaani mafuta ya kujichubua yanayochanganywa vyumbani. Mengi katika hayo yamekutwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo, na kwa mama mja mzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi mabaka meusi kuliko ile rangi aliyokuwa akiikimbia mwenyewe. Kwa hivyo sheria haikumfuata bibi barazani. Imeyafuata madhara yalikokwenda.

Katika nchi yetu, Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yamtaka mfanyaji biashara awe na leseni, na leseni za biashara ndogo namna hii hukatwa katika halmashauri. Mtu huanza kwa kupata namba ya mlipakodi, iitwayo TIN, ambayo Mamlaka ya Mapato huitoa bure. Maafisa afya nao hukagua usafi wa mahali pa kazi. Vipodozi viliwekewa sheria mwaka 2003 chini ya mamlaka iliyokuwa ikiitwa TFDA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wake umehamia Shirika la Viwango, TBS. Zebaki na haidrokwinoni ni katika vitu vilivyopigwa marufuku ndani ya vipodozi. Wala si Tanzania peke yake: Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji uliopatwa na msiba mkubwa wa sumu ya zebaki, umezitaka nchi zilizouridhia ziache kutengeneza na kuuza vipodozi vilivyotiwa zebaki.

Lakini fahamuni jambo moja. Leseni ya biashara ni hati ya biashara. Haishuhudii kuwa mkono wa mwenye nayo ni hodari. Ushahidi wa ustadi hutafutwa penginepo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ususi na urembo katika baadhi ya vyuo vyake, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi kazini, bila ya kukaa darasani. Chuo chake kimojawapo kipo Musoma. Binti na aende akaulize fani yake hufundishwa na kupimwa wapi.

Ama ushauri wa yule mwanamke wa ng'ambo, twausema vibaya. Amri iliyotangazwa mwezi wa Julai 2025, chini ya sheria ile ile ya leseni, iliwakataza wasio raia biashara za namna 15, na saluni ni mojawapo, isipokuwa iliyomo hotelini au iliyo kwa ajili ya watalii. Raia amsaidiaye asiye raia kuivunja amri hiyo aliwekewa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Serikali ya Kenya iliilalamikia amri hiyo, ikiona kuwa yapingana na soko la pamoja la Afrika Mashariki, na watu wa mpakani, waliooana na kuzikana tangu zamani, wana haki ya kuumia. Hayo yana wakubwa wa kuyazungumza. Lakini kumwazima mtu jina lako katika hati ni uongo ulioandikwa, na Muislamu haweki sahihi yake chini ya uongo. Haki ya mwalimu juu ya mwanafunzi ni shukrani na hishima, na ujira wa kufundisha kama walipatana. Jina la mwanafunzi halimo katika haki hiyo.

Wala asidhani mtu ya kuwa ukaguzi wa mafundi ni uzushi wa Wazungu. Sayyidna Omar (r.a.), kama alivyopokea Tirmidhi, hakutaka auze katika soko la Madina ila mwenye kuzifahamu hukumu za dini. Baadaye miji ya Kiislamu ikawa na muhtasibu, mkaguzi wa masoko na mafundi. Katika karne ya 12 Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu huyo, na hata kinyozi wa hamamu hakumsahau: wembe wake uwe mkali, na siku ya kazi asile vitunguu akawaudhi watu kwa pumzi yake. Ikiwa wazee wetu walimwangalia kinyozi mpaka harufu ya kinywa chake, wangeliiachaje dawa yenye kuunguza?

Pamoja na hayo, sheria nayo yaweza kupita mpaka wake, na uadilifu watutaka tuliseme hilo pia. Mjini Washington, Marekani, Muislamu mmoja, Taalib-Din Uqdah, na mkewe Pamela Ferrell, walikuwa na saluni ya kusuka nywele za Kiafrika. Sheria ya mji iliwataka wapate leseni ya urembo, ambayo masomo yake hayakufundisha kazi ile waliyokuwa wakiifanya. Walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1992. Hawakunyamaza, na baadaye mji wenyewe ukailegeza sheria. Katika jimbo la Utah, Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone, alikuta kwamba hawezi kusuka kwa malipo mpaka asome saa 2,000 za masomo ya urembo. Mwaka 2012 mahakama iliamua kuwa kumlazimisha hivyo ni kinyume cha katiba. Twajifunza hapo kwamba kumtwisha mzigo mzito mwenye uzi na kitana tu ni dhulma, na kumwacha mwenye dawa kali na wembe bila ya mwangalizi ni dhulma pia, kwa yule aliyeinamisha kichwa.

Kwa wenye mamlaka tuna ukumbusho mmoja. Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku na mtumwa mmoja, Abu Taiba. Bukhari amepokea kwamba alimpa ujira wake wa chakula, kisha akasema na mabwana zake wampunguzie kodi waliyokuwa wakimtoza katika kazi yake. Tazameni mambo mawili yalivyokaa pamoja: mfanya kazi amelipwa, na mzigo wake umetazamwa usimvunje mgongo. Msichana wa Makoko anayesomesha wadogo zake kwa kitana astahili kuelezwa njia kabla ya kutishwa kwa faini. Naye mwenye kulipa na alipe kwa namba ya malipo ya serikali, akapewa stakabadhi. Akitakiwa fedha isiyo na stakabadhi, asiitoe, Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake.

Tena, leseni ya serikali haihalalishi aliloliharamisha Mwenyezi Mungu. Imepokewa katika hadithi sahihi laana juu ya anayeunga nywele na anayeungwa, na juu ya anayenyonyoa nyusi na anayenyonyolewa. Wanazuoni wamekhitilafiana katika kuunga kwa uzi au sufi, na waliokataza kabisa ni wengi. Kwa hivyo mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kumuuliza mteja mtindo anaoutaka. Mwanamke wa Kiislamu avuapo mtandio wake mbele ya msusi ameweka amana. Chumba kiwe na pazia na mlango, wanaume wasiingie, na simu isimpige picha mteja ili kichwa chake kikatangazwe kwa watu asiowajua. Haya hakuna afisa atakayekuja kuyakagua. Mkaguzi wake ni yule asiyesinzia wala kulala.

Sasa jibu la tatu. Chumba kisifungwe, bali kabati la dawa ndilo lifungwe, leo hii. Binti na arudi kwenye uzi na kitana mpaka ajifunze mengine kwa anayeyajua na apate ushahidi wa kuyajua. Mkorogo na autupe, asiuuze hata ule uliobaki kwa hoja ya kwamba umegharimu fedha, na ayatake maelekezo ya afisa afya juu ya kuutupa, maana chombo chenye zebaki hakifai kumwagwa ziwani wanakovua watu. Akate TIN na leseni kwa jina lake mwenyewe na kwa kazi yake mwenyewe. Na siku atakapoirudia dawa, ajaribu kidogo nyuma ya sikio la mteja na angoje, asipake juu ya kidonda, aangalie saa, na maji mengi yawe karibu. Akina mama nanyi, mnapompeleka binti kutengenezwa, ulizeni dawa ni ipi na msusi amejifunza wapi, kabla ya kuuliza bei.

Nanyi vijana mnaoanza kazi za mikono, msiione leseni kuwa ni adui aliyekuja kula jasho lenu. Ichukulieni kama ahadi mliyoiandika mbele ya watu: aliyeinamisha kichwa chake mbele yenu atakiinua salama. Ahadi hiyo ilikuwapo juu ya Muislamu kabla ya halmashauri yoyote, na atakwenda kuulizwa juu yake akiwa na karatasi au hana.

Mzee wetu wa Makoko, twataraji barua yako nyingine itatueleza kuwa mmekwisha salimiana na jirani. Mwenyezi Mungu amponye biharusi, ambariki katika ndoa yake, na amwongoze binti yako katika pato la halali. Wabillahi taufiki.